Wingu Lenye Kitako

Kaka yangu aliliangalia wingu langu muda wa kutosha kumaliza nusu kikombe cha chai, kisha akasema, "Hili halina kitako."

Tulikuwa barazani kwa mama, Lindi, mwezi wa Oktoba uliopita, jua limeshazama, kompyuta ikiwa juu ya kigoda katikati yetu. Nilikuwa nimepanda basi Dar es Salaam alfajiri ile. Katika begi langu mlikuwa na nguo za siku nne, dawa za presha za mama, na hilo wingu, ambalo lilikuwa limenishinda kwa wiki saba.

Kazi yangu ni kutengeneza mawingu. Nikisema hivyo nyumbani watu hucheka, na mama huwahi kuongeza, "Ya kompyuta," kwa sauti ya mtu anayemtetea mwanawe asije akadhaniwa mchawi. Naandika programu za michoro kwa kampuni moja ya Ulaya inayotengeneza gemu ya mashua. Wao wako huko, mimi niko chumbani kwangu Sinza, na tunakutana kwenye skrini kila Jumatatu. Sehemu moja ya gemu hiyo inapita katika bahari yetu. Kwa kuwa katika timu nzima mimi ndiye pekee niliyezaliwa kando ya bahari hiyo, anga lake nikapewa mimi.

Mchezaji akigeuza mashua, picha yote ya skrini lazima ichorwe upya, na inachorwa mara 60 kwa sekunde. Kila picha ina milisekunde 16 na ushei, na ndani ya muda huo lazima yapatikane mawimbi, tanga, kamba, mwanga na mikono ya nahodha. Watu wa sinema wanaweza kuiacha kompyuta ichore picha moja kwa saa kadhaa, wakaenda kulala. Mimi nilipewa milisekunde mbili na nusu kwa mbingu yote.

Na wingu ni gumu kwa sababu halina ngozi. Jiwe lina uso. Unaukokotoa uso wake, unaupaka rangi, umemaliza. Wingu ni matone ya maji yaliyotawanyika hewani, madogo kiasi kwamba ukiyapanga hamsini au mia moja kwa mstari ndipo upate milimita moja. Mwanga ukiingia humo haugongi ukarudi. Unagonga tone hili, unarushwa kwa lile, unahangaika humo ndani mara nyingi kabla ya kutokea upande usioutegemea. Ili kulichora, kwa kila pikseli ya skrini natuma mwonzi kutoka kwenye jicho la mchezaji. Mwonzi unaingia winguni hatua kwa hatua, kama mtu anayevuka maji ya magoti gizani, na kila hatua unauliza: hapa pana wingu kiasi gani? Penye wingu unasimama, unageuka kuelekea jua, unapiga hatua nyingine chache kuuliza ni mwanga kiasi gani umesalia hadi kufika pale.

Nikiweka hatua 64 kwa kila mwonzi, na hatua 6 za kulielekea jua katika kila moja, yanakuwa maswali 448 kwa pikseli. Skrini ya kawaida ina pikseli milioni 2 na zaidi kidogo. Hayo ni maswali karibu milioni 930 kwa picha moja, na picha ni 60 kwa sekunde. Nilipojaribu hivyo mara ya kwanza, feni ya kompyuta ilinguruma kama mashine ya kusaga, na wingu likawa linasogea kwa kushtukashtuka.

Njia ya kutokea ilishaonyeshwa na wengine. Ken Perlin, baada ya kufanya kazi kwenye filamu ya Tron iliyotoka mwaka 1982, alichoshwa na picha za kompyuta zilizokuwa safi kupita kiasi, akabuni hesabu ya kuzitia ukwaru wa dunia. Hesabu hiyo huitwa kelele ya Perlin, na mwaka 1997 ilimpatia tuzo ya ufundi kutoka kwa wale watoao Oscar. Mwaka 1996 Steven Worley akaleta kelele ya aina nyingine, inayotoa viputo vilivyobanana kama povu. Kisha mwaka 2015 Andrew Schneider wa Guerrilla, kampuni ya Amsterdam iliyokuwa ikitengeneza gemu ya Horizon Zero Dawn, akaeleza hadharani jinsi walivyozichanganya hizo mbili wakapata mawingu ya kutembea ndani ya gemu. Wengi tunaofanya kazi hii tumepitia maelezo yale. Mimi nimeyasoma hadi nayajua kama njia ya kwenda kisimani.

Siri kubwa ya kupunguza gharama inachekesha ukishaielewa. Katika kila kundi la pikseli 16 unachora moja tu. Zile 15 unazichukua kutoka picha zilizotangulia, ukizisogeza kidogo kufuatana na mashua ilivyogeuka. Picha inayofuata unachora pikseli nyingine, hadi zote 16 ziishe, ndipo unaanza upya. Kwa hiyo wingu unaloliona kwenye skrini kwa sehemu kubwa ni kumbukumbu, na jipya ndani yake ni kidogo. Mchezaji akigeuka ghafla kumbukumbu haitoshi, na pembeni hubaki ukungu wa wingu ambalo halipo tena pale. Sisi tunauita mzuka.

Basi hadi wiki ya saba nilikuwa nimeshaua mizuka mingi, na wingu langu lilikaa ndani ya milisekunde zangu mbili na nusu. Lilikuwa jeupe, nono, lenye mashavu. Kiongozi wa timu alilitazama Jumatatu ile akasema ni zuri lakini haliamini. Nikamuuliza haliamini kwa lipi. Akasema hajui, labda mimi ndiye nijue.

Nikaomba siku nne.

"Kitako gani, kaka?" nikauliza pale barazani.

"Wingu la mvua chini ni bapa," alisema, akausawazisha mkono wake hewani kana kwamba anapangusa meza. "Kama limekalishwa juu ya kioo. Hili lako limeviringana juu na chini, kama pamba iliyotoka kwenye mto. Halafu liko mbali mno. Letu halikai huko. Letu linakaa hapa." Akanyoosha kidole juu ya paa la jirani.

Mama alikuwa ndani akipepeta mchele. "Msikilize kaka yako," alisema. "Huyo mawingu ndiyo kazi yake hasa."

Nikafunga kompyuta nikasema nimechoka na safari.

Kazi ya kaka ni chumvi. Ameifanya tangu akiwa na miaka 16. Mashamba ya chumvi yako nje ya mji, nyuma ya mikoko, na mtu asiyeyajua akipita atadhani ni mashamba ya mpunga yaliyokauka. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, maji yanafunguliwa yaingie kwenye bwawa la kwanza. Yanakaa humo yanapungua kwa jua, yanahamishiwa la pili, yanapungua tena, mpaka yanaingia kwenye majaruba ya mwisho yakiwa mazito na yenye rangi ya waridi kwa mbali. Lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Lazima maji mengi sana yaondoke kabla ya punje ya kwanza kuonekana. Hakuna mashine wala moto. Kuna jua, upepo, na wiki nyingi za kungoja, na kazi yote inategemea jambo moja: mvua isije kabla ya wakati wake.

Mwaka 2006 mama alikodi majaruba manne. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kaka alikuwa anamaliza kidato cha pili, na chumvi ya mwisho ya msimu, ile ya Oktoba, ndiyo iliyokuwa ada yake ya kidato cha tatu, sare, godoro na nauli. Mimi nilikuwa na miaka 11.

Chumvi ikishakomaa inakwaruliwa kwa reki na kukusanywa humohumo jarubani katika vichuguu vidogo, ili ichuruzike maji usiku mmoja kabla ya kubebwa. Siku ile vichuguu vilijaa majaruba yote manne. Vibarua walikuwa wamepangwa kuja kesho yake asubuhi. Mchana ikaja habari ya msiba upande wa pili wa mji, mama akajitanda khanga aende. Kaka alikuwa shuleni. Nikaachwa bandani na maagizo ambayo hata leo naweza kuyasema yalivyokuwa: angalia huku vilimani, ukiona wingu linapanda na chini yake ni jeusi, usingoje. Piga debe.

Debe lilikuwa la mafuta ya taa, tupu, limening'inizwa kwenye nguzo na kipande cha nondo pembeni yake. Likipigwa, watu wa majaruba yote ya jirani wanaacha walichoshika. Wanakuja na matoroli na makarai, chumvi inasombwa hadi juu ya tuta na kufunikwa kwa turubai. Nilikuwa nimeshaona wakifanya hivyo mara mbili. Watu ishirini wanamaliza majaruba manne kwa muda mfupi.

Jioni ile, mvua ilipokwisha, maji matamu yalikuwa yamesimama jarubani hadi kwenye kifundo cha mguu. Vichuguu havikuwepo. Mama alirudi akikimbia na khanga yake imelowa, akasimama juu ya tuta bila kusema kitu. Aliponigeukia, nilisema, "Nililala, mama."

Hakunipiga. Alisema mtoto kulala mchana ni jambo la kawaida, kosa ni lake kumwachia mtoto kazi ya mtu mzima. Kaka alikwenda kwenye chumvi Januari iliyofuata, kwa mwaka mmoja tu, ilisemwa, hadi mambo yakae sawa. Mwaka 2008 nilipofaulu darasa la saba, ada yangu ililipwa kwa chumvi yake. Ya kidato cha tatu pia. Ya kidato cha sita pia. Kompyuta yangu ya kwanza chuoni, ya mkono wa pili, skrini yake ina ufa, ilinunuliwa na chumvi.

Tangu hapo nimepiga hesabu mara nyingi. Milimita 10 za mvua ni lita 10 katika kila mita ya mraba. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha takriban gramu 360 za chumvi. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu inaweza kuondoka na kilo 3.6 katika kila mita ya mraba ya jaruba, na mvua ile haikuwa ya milimita 10. Hesabu inanipa nafuu kidogo kwa sababu haisemi nani alikuwa bandani.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kaka majarubani. Ana kofia ya chandarua na buti za mpira zilizokatwa juu. Vibarua walimsalimia kwa heshima, nami wakanisalimia kwa heshima yake. Siku hizi majaruba tisa yako chini yake. Alinipa reki bila kuniuliza kama nakumbuka kuitumia.

Jua lilipopanda nilichuchumaa kando ya kichuguu na kuchukua punje moja kubwa. Niliiweka kidoleni nikaielekeza kwenye mwanga. Punje ya chumvi haina weupe. Ni kama kioo. Niliona mstari wa ngozi yangu kupitia humo. Niliirudisha kwenye kichuguu, ikawa nyeupe pamoja na wenzake. Mwanga unaingia punje moja na kupita, lakini kwenye lundo unarushwa kutoka uso hadi uso, na kwa kuwa hakuna rangi inayomezwa zaidi ya nyingine, zote zinarudi pamoja na jicho linaona nyeupe. Wingu ni jeupe kwa sababu hiyohiyo. Nilikuwa nimeandika hesabu hiyo kwa miaka minne na sikuwahi kuishika mkononi.

Niliona na jambo la pili. Kwenye mikunjo kati ya kichuguu na kichuguu, pale ambapo ningetegemea kivuli, palikuwa na mwangaza, na kwenye vilele vilivyochongoka, penye punje chache, palififia kidogo. Schneider alilieleza jambo hili kwa mfano wa sukari ya unga: kwenye mkunjo mwanga una pa kurukaruka na kurudi, kwenye ukingo mwembamba unapenya na kupotea. Nilikuwa nimelinakili fumbo lake la hesabu kama lilivyo, na nilipoona kingo za mawingu yangu ni nyeusi mno nilizipunguza kwa kukisia. Yeye aliangalia sukari. Mimi nilikulia kwenye chumvi na sikuangalia.

"Unaongea peke yako," kaka alisema.

Nikamweleza. Nikamwambia pia kwamba mtu aliyeyapa mawingu majina, Luke Howard, mtengeneza dawa wa London, alisimama mbele ya wenzake mwaka 1802 na kuyagawa mafungu, na lile nono lenye mashavu akaliita kumulasi, ambalo kwa Kilatini ni lundo tu. Kaka akavitazama vichuguu vyake, akacheka. Nikamwambia wingu la ukubwa wa kilomita moja kila upande lina maji ya tani kama 500. Akapiga hesabu kwa vidole, kwa gunia la kilo 50. "Magunia elfu kumi," alisema. "Na halianguki." Nikamwambia pia kwamba mvuke wa baharini haugeuki tone hivihivi, unahitaji punje ya kushikilia, na baadhi ya punje hizo ni chumvi inayorushwa na mawimbi yakipasuka.

Hapo alikaa kimya kidogo. "Kwa hiyo tunagombania mali moja," alisema.

Tulikwenda bandani kunywa maji. Debe halipo tena; siku hizi wanapigiana simu. Nguzo ni ileile. Nilisimama pale nikasema, bila kuwa nimepanga, "Kaka, siku ile sikulala."

Hakuuliza siku gani.

Nikamwambia. Kwamba nilikuwa nimelala chali, ndiyo, lakini macho wazi. Kwamba wingu lilianza nyuma ya vilima kama ngumi ndogo, kisha ngumi juu ya ngumi. Kwamba kila bonge lilipotoka lilitoa jingine kifuani mwake, na mwanga ukapita pembeni ukaliwekea ukingo wa dhahabu, na nikawa nasema moyoni bado kidogo, nilione likigeuka tena, nitapiga debe likigeuka tena. Nilikuwa naona chini yake panakuwa peusi. Nilijua maana yake. Sikutaka watu waje wapige kelele na kunifanya nishushe macho. Nilipofikia nondo, matone ya kwanza yalikuwa yananipiga mkononi, na hapo nikaona heri nisipige kabisa, ili ionekane nililala.

Kaka alikuwa anakunja kifuniko cha chupa na kukikunjua.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Usiku uleule. Ulikuwa unamsimulia mama jinsi wingu lilivyotokea vilimani, likapanda, likajikunja. Mama alikuwa analia, hakusikia. Mimi nilisikia. Nikajiuliza, mtu aliyelala ameyaona wapi haya?"

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alifikiri kabla ya kujibu, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Ningesema, mama angebaki na nini? Chumvi imekwenda, shule imekwenda, na mtoto naye mwongo." Akaweka kifuniko mfukoni. "Na sikuwa mwema, usidhani. Miaka kama mitatu hivi nilikuwa sipendi hata kukusikia ukisoma kwa sauti. Ningekwenda shule, ndiyo. Ningekwenda. Hilo siwezi kukudanganya."

"Najua."

"Basi." Alinyanyuka. "Lakini lile wingu ulilolisimulia usiku ule lilikuwa na kitako. Hili la kompyuta umelitoa wapi?"

Jioni tulikaa tena barazani. Nilifungua msimbo wangu na kutafuta nimelitoa wapi, na jibu lilikuwepo mstari wa juu kabisa. Mawingu yangu yalianzia mita 1,500 na kuishia mita 4,000. Hizo ni namba za Horizon Zero Dawn. Nilizinakili siku ya kwanza ili nipate pa kuanzia, na sikurudi kuziuliza kama zinahusika na bahari yangu.

Kitako cha wingu hakichaguliwi na mchoraji. Hewa yenye unyevu inapanda, na kadiri inavyopanda inapoa, mpaka inafika kimo ambacho haiwezi tena kuubeba mvuke wake. Hapo matone yanaanza. Hewa ya eneo moja imetoka juu ya maji yaleyale ikiwa na unyevu uleule, ndiyo maana yote inafika kimo hicho kwa pamoja, na chini ya wingu pananyooka kama pamepigwa rula. Kuna kanuni ya haraka ya kukikadiria: joto la hewa, toa joto ambalo umande ungeanza kujifanya, zidisha kwa mita 125. Kwenye mwambao, nyuzi 30 kwa 24, ni mita 750. Nusu ya kimo nilichokuwa nimeweka.

Nilibadilisha namba. Wingu likashuka, likatufunika, na kaka akasogeza kigoda nyuma.

"Ehee," alisema. "Hilo sasa ni jirani."

Nikanyoosha kitako. Akaniambia bado ni jeupe mno chini, wingu lililonenepa hivi lazima chini yake pawe kama sufuria ya kuni. Alikuwa sahihi; mwanga unaopita ndani ya kitu kama hicho unazidi kupungua kadiri unene unavyoongezeka, sheria inayobeba jina la August Beer, na mimi nilikuwa nimeilegeza ili wingu lipendeze. Nikairudisha. Akaniambia vilele vinajikunja haraka kuliko kitako kinavyosogea. Nikavitenganisha. Mara mbili kompyuta ilizidi milisekunde zangu, nikakata hatua mahali ambapo jicho halifiki. Kila nilipomaliza jambo moja alikuwa na jingine, na aliyasema yote bila kuliangalia wingu lenyewe. Alikuwa anaangalia bahari iliyo chini yake.

"Kabla ya wingu linakuja nini?" aliniuliza, kama mwalimu.

Sikujibu.

"Upepo wa bahari unakata. Kunakuwa kimya, hata nzi anasikika. Halafu unaanza upepo mwingine, wa bara, wa baridi. Halafu kivuli kinapita juu ya maji, kinakimbia kuliko mtu. Halafu ndiyo mvua. Ukingoja mvua umeshachelewa. Sisi tunaondoka kwenye kimya."

Hewa iliyopozwa na mvua inaanguka chini na kusambaa mbele ya wingu. Nilikuwa nimewahi kuisoma. Kwenye gemu, upepo ulikuwa kazi ya mtu mwingine, na kivuli cha wingu baharini tulikuwa tumekiondoa ili kuokoa muda. Usiku ule nilikirudisha, picha ndogo isiyo na gharama kubwa iliyolazwa juu ya maji. Upepo nikauandikia ombi kwa mwenzangu: ukate kwa sekunde 20, tanga lilegee, kisha uje kutoka upande wa pili. Nikaeleza kwa nini. Chini ya ombi, mahali pa jina la aliyependekeza, niliandika la kaka kabla ya langu.

Ilikuwa yapata saa nne za usiku nilipoliendesha tangu mwanzo hadi mwisho. Kaka alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha. Wingu likatokea nyuma ya vilima vya kompyuta, ngumi ndogo, kisha ngumi juu ya ngumi. Ukingo ukashika dhahabu. Sikumtazama kaka, naye hakunitazama. Kwa mara ya kwanza tuliliona sote wawili, na hakuna aliyepaswa kuinuka. Kitako kikawa cheusi. Kivuli kikatoka ufukweni kikakimbia juu ya maji kuelekea kwetu, na skrini ikaanza kuwa giza kutoka juu kushuka chini.

Mama alitokea mlangoni kuchukua vikombe. Hakuwa na miwani. Alisimama nyuma yetu na trei mkononi, akaangalia ule weusi ukija, na mwili wake ukageuka kuelekea uani kabla hata hajasema.

"Mmefunika chumvi?" aliuliza.

"Tumefunika, mama," kaka alisema.